Neno la Dharura la Mama Mkwe

Kama hukunisoma wiki iliyopita, hukupitwa na kitu ila aibu yangu. Ukurasa wetu wa mtandaoni, ule tunaouzia watu wa ng'ambo viatu vya sufu, uliamka asubuhi moja ukiuza chai ya kupunguza tumbo. Wezi hawakuhangaika. Karakana nzima ilikuwa na paswedi moja, na paswedi yenyewe ilikuwa jina la mji wetu, Kochkor, halafu moja, mbili, tatu.

Mama mkwe hakukasirika hapo hapo. Kwanza aliagiza pakiti mbili za ile chai. Moja alisema ni yake. Ya pili hakusema ni ya nani, na mimi sikuuliza, maana mkwe mwenye akili hahesabu vinavyoingia mdomoni mwa mama mkwe.

Chai haikufika. Ndipo akakasirika, na hasira ikanishukia mimi.

Mimi ndiye Burul, mke wa mwanawe Sabyr. Ndiye ninayekaa ofisini, kwenye kile kiti cha kuzunguka karibu na dirisha. Wanawake wengine wote wa karakana, ambao nao wameolewa katika ukoo huu huu, wanakanda sufu kwa sabuni na maji ya moto mpaka mikono inakuwa myekundu. Nami nilikanda miaka minne kabla ya kupewa kiti. Sitaki kurudi huko, nawaambieni wazi.

"Tafuta dawa ya hizi paswedi," Mama akaniambia. "Ukiipata, kiti ni chako. Ukivuruga tena, Chinara atakikalia."

Chinara ni wifi yangu. Amerudi kutoka Bishkek, mji mkuu, na cheti cha chuo, na tangu arudi hajawahi kuingia ofisini bila kukiangalia kile kiti kwanza. Ana sauti ya mama yake, ile ile, huwezi kuzitofautisha. Mume wangu aliwahi kumwomba dada yake ruhusa ya kununua farasi, kwenye simu, akidhani anaongea na mama. Chinara alimruhusu.

Basi siku ya Alhamisi tukaketi ofisini kujadiliana.

Hapa nisimame kidogo. Mtaona katika hadithi hii sitaji siku za wiki ila Alhamisi. Sababu ni marehemu baba mkwe, mwanzilishi wa karakana. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa ameshazikwa. Na marehemu huyu alipewa jina lenye siku ya kusali ndani yake. Ukishaikwepa hiyo, unakuta siku nyingine nazo zimelibeba jina lake mwanzoni. Iliyobaki salama mdomoni mwangu ni Alhamisi peke yake. Mhariri amejaribu kunishawishi, nimekataa.

Tukaketi, chai ikamiminwa, borsok, maandazi yetu madogo, zikamwagwa mezani. Marehemu alikuwa anatutazama kutoka kwenye picha ukutani, mwembamba, shingo ndefu, kofia nyeupe imemkalia juu masikioni. Sabyr akaanza.

"Programu hii ndiyo kiboko," akasema, akionyesha simu yake. "Unaweka paswedi zote humo, unazifunga kwa neno kuu moja. Hata walioitengeneza hawawezi kuziona. Ukisahau neno kuu, umekwisha. Hakuna wa kukufungulia duniani."

"Na hiyo ndiyo sifa yake?" Mama akauliza.

"Ndiyo usalama wenyewe, Mama."

"Mimi nililetwa nyumba hii na sanduku langu la arusi. Ufunguo ukapotea. Akaitwa fundi, akaja, akala, akafungua. Hili lako fundi wake yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi hilo si sanduku, mwanangu. Hilo ni kaburi."

Sabyr akameza borsok nzima bila kutafuna. Chinara akachukua nafasi.

"Kwani lazima tununue? Simu yenyewe inatunza paswedi, bure. Inakuuliza, nikukumbushie? Unasema ndiyo. Yamekwisha."

"Simu ya nani?" nikauliza.

"Yangu, wifi. Si mimi ndiye mtoto wa nyumba hii?"

"Na ukiolewa Bishkek?" akadakia Saadat, mkubwa wetu pale karakanani, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo. "Paswedi nazo tutazifungia mizigo, au zitafuata baadaye?"

Chinara akairudisha simu mfukoni. Ikabaki ya kwangu.

Niliyoipenda mimi ni ya kampuni moja ndogo yenye ofisi Bishkek. Ina neno kuu, lakini pia mwenye biashara anaweka neno la dharura, lake peke yake. Neno kuu likipotea, mnapiga simu, anapokea binadamu mwenye jina, anauliza swali, mnalitaja lile neno la dharura kwa mdomo, anafungua.

"Neno la kutajwa kwenye simu?" Sabyr akacheka. "Mke wangu, hiyo si programu ya siri. Hiyo ni redio."

"Ina jambo lingine," nikasema, nikampuuza. "Ukichagua kipengele cha uwazi kamili, kila jambo kubwa likifanyika humo ndani, karakana nzima inapata ujumbe. Hakuna wa kufanya kitu kwa kificho. Hatutauza tena chai tusiyoijua."

Nilikisifia sana kile kipengele. Nilikisifia mpaka chai ikapoa.

"Kuna binadamu wa kuongea naye?" Mama akauliza.

"Yupo, Mama."

"Nunua hiyo."

Nikajiona mshindi. Nilijizungusha kidogo kwenye kiti.

"Na neno kuu," Mama akaendelea, "litakuwa jina la marehemu. Nani atalisahau jina la marehemu?"

Kila mtu akaitikia. Mimi nikaganda na bakuli langu la chai mkononi.

"Mama, mimi ndiye nitakayekuwa naifungua kila siku. Nitaliandikaje?"

"Ataliandika Sabyr. Ikishafunguka itabaki wazi. Wewe geuka huko."

Nikageuka ukutani. Nikakutana na marehemu mwenyewe, akiniangalia. Nyuma yangu nikasikia vidole vya Sabyr kwenye kompyuta, tak tak tak, na kazi ikawa imekwisha.

Mama akachukua simu yake akatoka nje kuweka neno la dharura. Alikwenda nyuma ya ghala la sufu, mahali anapodai mtandao ni mzuri kuliko popote. Siku hizi simu zake zote anakwenda kuzipigia huko. Aliporudi mashavu yalikuwa mekundu, nikadhani ni jua.

Kesho yake, siku inayofuata Alhamisi, wanaume wote wa ukoo, Sabyr akiwemo, wakapanda malishoni Song-Köl na mifugo. Huko juu kuna majani, kuna upepo, kuna maziwa ya farasi. Mtandao hakuna.

Asubuhi nzima mambo yalikwenda vizuri. Sanduku la paswedi lilikuwa wazi, nami nilikuwa ndani yake kama mwenye duka. Kisha, tulipokuwa tunakula, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikawaka, na sanduku la paswedi likaniomba neno kuu.

Wakati huo huo simu yangu ikalia. Ujumbe kutoka Norwei, wa Bi Ingeborg, mteja wetu mkubwa. Ameweka agizo la viatu vya msimu wote wa baridi. Anataka tuingie kwenye mtandao wake tuthibitishe kabla ya saa kumi leo. Tusipothibitisha, anawapa watu wa Mongolia.

Paswedi ya kuingilia huko ilikuwa ndani ya sanduku.

Habari haikai ofisini kwetu, ukuta ni mwembamba. Kufumba na kufumbua karakana yote ilikuwa mlangoni, mikono inachuruzika sabuni.

"Liandike tu," Saadat akasema. "Kuandika si kutamka. Kidole hakina ulimi."

"Kidole ni chake yeye," mwingine akabisha. "Anachoandika kidole kasema mwenyewe."

"Kwa hiyo mtu akipiga chafya kwenye karatasi, karatasi ina mafua?"

Sikungoja wamalize. Nikafumba jicho moja, nikaandika. Si sahihi. Tatizo la jina lile ni herufi yake ya kwanza. Ukitaka kuitoa kwenye maandishi yetu uipeleke kwenye herufi za Kilatini za kompyuta, zipo namna tatu za kuiandika, na kila mtu ana yake aliyoizoea tangu shule. Nikajaribu namna ya pili. Si sahihi. Ya tatu nikaona nayo inanikataa, ndipo nikakumbuka kwamba mume wangu huandika vibaya hata jina la mji aliozaliwa.

Sanduku likajifunga kabisa. Kwenye kioo ikatokea namba ya kupiga simu.

Chinara akaja akasimama nyuma yangu. Akauweka mkono kwenye mgongo wa kiti, akakizungusha polepole, huku nikiwa ndani yake.

"Kizuri," akasema. "Kitahitaji mto tu."

Nikapiga simu, nikaweka sauti ya wazi ili wote wasikie kwamba sifanyi kitu kwa kificho. Akapokea kijana mwenye adabu nyingi, anaitwa Arseni. Huyu si wa kwetu, ni wa wale wa mjini wasiojua mkwe anatamka nini na hatamki nini.

"Dada, kwa kumbukumbu tu, leo ni siku gani?"

"Siku inayofuata Alhamisi."

"Ijumaa?"

"Umesema wewe."

Akarudi kwenye kazi yake. "Swali la dharura alilochagua mwenye biashara linasema hivi. Mtu wako wa karibu kabisa, unamwitaje? Tafadhali taja jibu kwa sauti. Mnazo nafasi tatu. Zikiisha, sanduku linafungwa wiki mbili."

Karakana nzima ikashusha pumzi. Mtu wa karibu kabisa wa Mama atakuwa nani kama si marehemu? Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kona, anasugua birika lake.

"Jibu ninalijua," nikamwambia Arseni, "lakini siwezi kulitaja."

"Umelisahau?"

"Ninalijua vizuri sana."

"Basi litaje."

"Ni baba wa mume wangu."

"Vizuri. Anaitwaje?"

"Ndiyo hilo sasa nisiloweza."

"Kuna mwingine hapo anayelijua?"

Nikatazama mlangoni. "Tupo karakana nzima. Wote wanalijua."

"Basi mmoja wao aseme."

"Hawawezi. Hata mmoja."

Arseni akashusha sauti. "Dada, samahani. Mko salama huko? Kuna mtu amewashika?"

"Tumeolewa," akajibu Saadat kutoka mlangoni.

Ndipo Chinara akakohoa. Yeye ni binti wa nyumba, marehemu ni baba yake mzazi. Yeye analitamka jina lile apendavyo, wakati wowote, hata akiwa anapiga mswaki.

"Naweza kusaidia," akasema. "Lakini nikilitaja, nakikalia hicho kiti."

"Leo?"

"Leo na siku zote, wifi."

Nikatazama saa. Nikatazama wale wanawake, ambao msimu wao mzima wa baridi ulikuwa kwenye mikono ya Bi Ingeborg. Nikasimama. Nilisimama shingo upande, sitaki kudanganya, maana nilikuwa nimeshaanza kuyasikia yale maji ya moto.

Chinara akakaa, akajinyoosha, akalitaja jina la baba yake kwa mdomo mpana, jina zima, na la babu yake akaongeza. Wanawake wote wakatazama dari.

"Samahani," akasema Arseni. "Silo."

"Silo vipi? Ni baba yangu. Mimi silijui jina la baba yangu?"

"Sina shaka unalijua, dada. Lakini silo lililoandikwa hapa. Na kwa usalama, kuanzia sasa nitasikiliza sauti ya msimamizi peke yake. Bi Burul."

Chinara akainuka polepole. Nikakaa kabla kiti hakijapoa.

"Mbona rahisi," Saadat akasema. "Mama naye ni mke wa mtu. Yeye mwenyewe hajawahi kulitamka jina la mumewe. Alimwita Baba Sabyr miaka yote. Andika hivyo, yaani, sema hivyo."

Tukamtazama Mama. Mama akatazama birika. Wote tukaona ndiyo ameridhia.

"Baba Sabyr," nikasema.

"Silo. Imebaki nafasi moja."

Mama alikuwa anamimina chai kwenye bakuli lililokwisha kujaa, chai inatambaa mezani, inaingia chini ya borsok, na yeye bado anamimina.

"Tokeni," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Tokeni wote. Chinara, na wewe. Fungeni huo mlango."

Wakatoka. Nikamwomba Arseni asubiri, nikaziba simu kwa kiganja. Mama akavuta kigoda akakaa karibu yangu, magoti yetu yakagusana. Tangu niolewe hatukuwahi kukaa karibu hivyo.

"Kabla sijakwambia," akasema, "sikiliza. Neno hili likitoka nje ya mlango huu, na wewe utatoka nalo. Hiki kiti utakiona kwenye picha. Utakanda sufu mpaka wajukuu zangu wapate wajukuu."

"Mama, mimi ni kaburi."

"Heri ungekuwa."

Akaniinamia sikioni. Akasema maneno mawili.

"Mkia Mnono."

Kwetu kondoo wa sifa ni yule mwenye mkia mnono unaotikisika nyuma akitembea, na mafuta ya mkia ule ndiyo anayowekewa mgeni wa heshima. Ni jina tamu. Ni jina la mapenzi, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba huwezi kumpa mtu mwembamba.

Macho yangu yakanisaliti. Yakapanda ukutani, yakaiona ile shingo ndefu.

"Usimwangalie," Mama akasema.

"Sijamwangalia."

"Unamwangalia sasa hivi."

Nikayashusha macho, na yaliposhuka, mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Nyuma ya ghala ambako mtandao ni mzuri. Mashavu mekundu. Pakiti mbili za chai ya kupunguza tumbo. Na Ormon.

Ormon ni mwanamume aliyefiwa na mke, ndiye anayetuuzia sufu. Huja kila siku ya kusali na lori lake, na tumbo lake huingia mlangoni kabla yake. Mama humpa chai kwenye bakuli kubwa kuliko la mtu yeyote, kisha huenda naye ghalani kubishana bei, na siku hizi bei wanaibishania muda mrefu ingawa haibadiliki. Jina la Ormon bado ninaruhusiwa kulitamka. Kwa hiyo nalitamka hapa, Ormon, Ormon, nikiwa na nafasi.

"Ana moyo mzuri," Mama akasema.

"Sijauliza, Mama."

"Nakwambia hata hivyo. Anaogopa kunenepa zaidi. Nilimwambia asijali, lakini anaogopa."

Nilitaka kucheka, na sikuweza. Mwanamke huyu alikuwa amekaa peke yake na ile picha miaka mitano, anatugombeza mchana kutwa ili nyumba isiwe kimya. Kumbe alikuwa na mtu wa kumwambia asijali. Nikamwonea huruma, na nikampenda, kitu ambacho sikukitegemea siku ile.

Nikaitoa sauti ya wazi. Nikaiweka simu mdomoni.

"Arseni. Mkia Mnono."

"Samahani, mtandao. Rudia kwa sauti tafadhali."

"Mkia Mnono."

"Sahihi kabisa."

Sanduku likafunguka. Paswedi zote zilikuwa humo, zimejipanga. Nikaingia kwa Bi Ingeborg, nikabonyeza pa kuthibitisha, na saa ya ukutani ilikuwa haijagonga kumi. Norwei wakajibu papo hapo, asanteni sana, tunangoja viatu.

Mama akasimama, akanyoosha gauni lake, akawa yeye yule wa siku zote. Akauweka mkono kwenye mgongo wa kiti, mahali pale pale alipouweka bintiye.

"Kaa hapo," akasema. "Umechagua vizuri. Binadamu wa kuongea naye, nilisema tangu mwanzo. Kiti ni chako."

Nje nikasikia lori linaingia uani, milango inafunguliwa, gunia la kwanza linatupwa chini. Hata sikuliwaza. Nilikuwa nimefurahi mno.

"Bi Burul," akaita Arseni, ambaye nilikuwa nimemsahau. "Jambo moja la mwisho. Neno la dharura likishatumika linafutwa. Mwenye biashara itabidi aweke jipya."

"Ataweka. Asante sana, kaka."

"Na watumiaji wote wanapata ujumbe sasa hivi kwamba lile la zamani limefutwa."

"Sawa." Kisha nikakaa wima. "Ngoja. Ujumbe unasemaje?"

"Unasema tu kwamba neno la dharura limefutwa."

"Neno lenyewe limeandikwa humo?"

"Lazima, dada. Wasipolijua, watajuaje ni lipi lililofutwa? Wewe mwenyewe ulichagua uwazi kamili. Nimeona hapa, umeweka alama mara mbili."

Simu yangu ikatoa mlio mezani.

Simu ya Mama ikatoa mlio mfukoni mwake.

Halafu, nje ya ule ukuta mwembamba, ikaanza karakana. Moja upande wa majiko, mbili kwa pamoja karibu na mlango, nyingine uani, moja baada ya nyingine, mpaka mikono iliyokuwa inakanda sufu ikaacha kukanda.

Mama aliisoma simu yake. Akanitazama mimi. Akautazama mlango.

"Mama," nikasema, "mimi sijatoka nje ya mlango huu. Umeona."

Uani, Chinara alikuwa anasoma kwa sauti, ile sauti yake ambayo huwezi kuitofautisha na ya mama yake, na alikuwa ameipandisha ili wote wasikie.

"Mkia Mnono?"

"Naam, kipenzi," ikajibu sauti nene kutoka nyuma ya lori. "Nashusha gunia hili moja, nakuja."